Nadhiri ya Bi Chausiku

Sogeeni karibu, nami nitasema polepole. Walikuwapo watu watatu kando ya mto mmoja uteremkao kutoka milima ya Waluguru, na kila mmoja Mungu alimjalia kuujua mto pale alipozaliwa. Mkude aliyajua mawe ya mlimani. Semeni alizijua kona za bondeni. Mloka aliyajua matope ya chini, mto unapoingia baharini.

Masika moja mto ulimchukua Kobelo, mtoto pekee wa Bi Chausiku, alipokuwa akivuka kule juu. Mama akaweka nadhiri mbele ya watu: "Atakayenirudishia mwanangu nimzike, huyo ndiye atakuwa mwanangu, na shamba la Kobelo ni lake."

Kule mlimani mteremko ni mkali na mto ni mwembamba. Unachimba kwenda chini na kusukuma mawe makubwa kama mapipa. Mkude alimwona Kobelo amebanwa chini ya jiwe, anasagwa. Akaingia majini, akalisogeza. Jiwe likarudi, likamkata vidole vya mkono wa kulia. Maiti ikachomoka, maji yakaondoka nayo. Mkude akashuka akivuja damu, akawaambia watu, "Msitafute huku. Huku mto hauweki kitu."

Bondeni mteremko hupungua, mto ukaanza kupindapinda. Upande wa nje wa kona maji huenda kasi na kula ukingo. Upande wa ndani hupoa na kuacha mchanga. Watu walikuwa wakikokota nyavu katika kona kubwa ya zamani. Semeni akawacheka.

"Jamani, mnavua kambale? Mto umeshajikatia njia, hili sasa ni dimbwi. Nifuateni."

Akawapeleka kwenye mkato mpya, na hapo wakaikuta kanzu ya Kobelo imenasa kwenye mzizi, wakajua amepita kwenda chini. Aliporudi kwake, mto ulikuwa umekula ukingo wa nje, ukameza nyumba yake na mbuzi wake wote.

Chini kabisa mto umeshapokea vijito vingi, umepanuka, na nchi ni tambarare. Hapo huishiwa nguvu, ukashusha mzigo wake: kwanza mchanga, kisha tope, mpaka tope likaziba njia na mto ukagawanyika matawi. Mloka akachagua tawi ambalo maji yake yalikuwa yamelala kuliko yote. Akapapasa tope kwa miguu mpaka akakanyaga uso wa Kobelo.

Siku ya maziko jua lilikuwa kali. Watani walichimba kaburi, kama ilivyo desturi, na Pazi, mtani wao Mzaramo, akajilaza ndani yake.

"Humu pana ubaridi, Bi Chausiku! Sitoki mpaka utimize nadhiri. Mtaje mwanao mpya."

"Mtani, nihurumie. Mwanangu anaharibika."

"Alianza kuharibika mtoni, si hapa. Taja!"

Hakuna aliyethubutu kumtoa, maana mtani kaburini habishiwi.

Mkude akauinua mkono wake uliofungwa kitambaa. "Mama, bila mimi angekuwa unga chini ya jiwe."

"Na huo unga ungeupata wapi?" Semeni akamjibu. "Mngekuwa mpaka leo mnakokota nyavu dimbwini. Mwenzenu sina hata pa kulala."

Mloka akasema, "Mmoja wenu alimwona akipita, mwingine aliona kanzu tu. Mimi nimembeba begani."

Mtu mmoja akanong'ona kwamba shamba ligawanywe. Pazi akacheka kule chini mpaka udongo ukammwagikia.

"Shamba litagawanyika. Na mama naye mtamkata vipande vitatu?"

Watatu hao wakaapa, kila mmoja kwa kinywa chake, kwamba asipotajwa hatatia udongo kaburini wala hatakanyaga tena nyumbani kwa mama huyo. Inzi wakatanda juu ya sanda. Bi Chausiku akamwomba Mola ampe jina moja, kisha akafumbua kinywa.

Ninyi mliokwisha kuzika mnajua kwamba jua halingoji. Basi niambieni: mngekuwa ninyi mmesimama pale juu ya kaburi, mngelitaja jina la nani?