Mtu Hajileti

Mtu mmoja alikuwa na miguu yenye nguvu, na miguu hiyo ndiyo iliyomponza. Jina lake Pazi, fundi seremala wa mji mmoja wa bara, mwanamume wa miaka arobaini asiyependa kuomba hata chumvi. Mama yake alifariki siku ya kumzaa. Aliyemnyonyesha na kumlea ni mwanamke mwingine, Bi Mwanakheri, wa kisiwa cha mbali, kule nchi kavu inapoishia kwenye mikoko na matope. Pazi alipotimiza miaka sita, mjomba wake alikuja kumchukua akampeleka bara, na tangu hapo hakurudi.

Sasa zikamfikia habari kwamba Bi Mwanakheri macho yanamzimika. Jicho moja lilikuwa limeshakwenda. La pili lilikuwa linaona bado, kidogo, na kila siku linapungua. Mwenyewe alikuwa ametamka haja moja tu: angependa kumwona Pazi usoni kabla giza halijamfika.

Pazi alilia, sitamfichia. Kisha akakata shauri, na hapo ndipo alipokosea. Alisema moyoni, "Maziwa niliyonyonya hayalipwi kwa kukaa kwenye kiti cha basi. Nitakwenda kwa miguu, peke yangu. Nitakula changu, nitalala pangu, wala sitamwomba mtu kitu njiani. Nikifika, shukrani itakuwa yangu yote, bila mkono wa mtu ndani yake." Akajaza shanta unga, dagaa, sufuria na mkeka, akalitia mgongoni, akashika njia. Hakufikiri kwamba jicho halingoji nadhiri ya mtu.

Siku ya tatu alipita penye mwanamke anayeuza uji kando ya barabara. Mwanamke akamwona jasho linavyomtoka, akammiminia kikombe, akasema hiki ni cha bure, mgeni wangu. Pazi akajibu, "Ahsante mama, ninacho changu." Yule mwanamke akacheka. "Uji haugombani na uji mwenzake, mwanangu." Lakini Pazi alikuwa ameshapita. Siku ya sita lori la mihogo likasimama, dereva akamwita apande, mvua ile pale inakuja. Pazi akamshukuru kwa mkono, mvua ikamnyeshea yote. Usiku mmoja alilala kwenye dungu ambalo mkulima fulani alijijengea ili awinge nguruwe. Kila alipopata kisima alikuta kamba na ndoo, akateka, akanywa, akaenda zake akijisifu kwamba hajamwomba mtu maji. Ningekuwapo ningemwuliza, je, kamba ile ilijisokota yenyewe?

Siku ya kumi na moja akafika pwani, miguu imevimba. Zilikuwa siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali sana, na kisiwa kile hufikiwa kwa miguu. Mikokoni palikuwa na mwanamke anaokota tondo, wale konokono wa matopeni ambao watu wa huko huwala. Ndiyo kwanza anaanza kazi. Kapu lake halikuwa na kitu. Alimtazama Pazi na shanta lake toka juu hadi chini.

"Unavuka, kaka? Ngoja nikuvushe. Matope haya hayana adabu."

"Usijisumbue, dada. Huku ni kwetu. Nimezaliwa huku."

"Haya," akasema yule mwanamke. "Ila matope hayaulizi mtu kwao wapi."

Pazi akatabasamu, akaenda. Nchi ikampokea vizuri, mchanga mgumu, maji ya vifundoni. Moyo ukamjaa. Akasema, "Kumbe miguu haisahau!" Mbele yake kidogo, ubavuni, alimwona yule yule mwanamke naye anavuka, huku akiinama kama anayeokota tondo. Mara azame magotini, mara mapajani, ajikokote atoke, apige hatua mbili, azame tena. Kila alipomwona amezama upande wa kushoto, Pazi alikwenda kulia. Alipozama kulia, Pazi akakata kushoto. Tena akamwonea huruma. "Maskini ya Mungu," alijisemea, "anaishi papa hapa, na hata njia haijui." Wakaenda hivyo saa nzima. Pazi akapanda ufukweni suruali imelowa kidogo tu kwenye pindo, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Bi Mwanakheri bila kugeuka nyuma.

Sasa, kisiwa kile kina desturi yake. Matope yale yamemeza watu wengi, kwa hiyo mgeni huletwa na mwenyeji, na mwenyeji huyo ndiye apigaye hodi na kusema, nimemleta fulani. Asiyeletwa hafunguliwi mlango. Wazee wa pale wanaamini kwamba anayevuka peke yake si binadamu, ni mzuka wa matope amevaa sura ya mtu. Mtoto wa miaka sita hafundishwi mambo haya, maana mtoto havuki.

Pazi akapiga hodi. Sauti ya kizee ikatoka ndani. "Umeletwa na nani?"

"Sikuletwa, mama. Nimekuja mwenyewe. Ni mimi Pazi, mwanao. Nimetembea siku kumi na moja, sikupanda gari, sikula cha mtu."

Akasikia komeo likisukumwa kwa ndani.

"Mtu hajileti," Bi Mwanakheri akasema. "Mnajua namngoja Pazi, ndiyo maana mnakuja na jina lake. Nenda zako. Usinichezee uzee wangu."

Pazi akaapa. Akataja jina la marehemu mama yake, akataja kovu la moto lililo kwenye mkono wa Bi Mwanakheri. Mlango haukufunguka, maana mzuka nao, wanasema, unajua mambo ya watu. Ndani akamsikia Bi Mwanakheri analia, naye nje analia, na kati yao ubao mmoja tu, yeye aliyepasua mbao maisha yake yote. Jicho liko ndani bado lina nuru kidogo, uso uko nje, na hakuna wa kusema neno. Hapo akatamani laiti angekuwa na mtu mmoja nyuma yake. Mmoja tu.

"Fungua, Bi Mwanakheri. Nimemleta mimi."

Pazi akageuka. Alikuwa ni yule mwanamke wa tondo, matope yamemfika kifuani, kapu lake tupu kama lilivyokuwa. Bahari ilikuwa imeshaanza kujaa, na kazi yake ya siku ile ilikuwa imekwisha kabla ya kuanza. Pazi akatazama matope yale, akatazama pindo la suruali yake. Akaelewa kwamba kila alipomwona mwenzake amezama, alikuwa akionyeshwa mahali pa kutokanyaga.

Komeo likatolewa. Bi Mwanakheri akamshika Pazi uso kwa mikono miwili, akamvuta mwangani, karibu kabisa na lile jicho lililobaki, akamtazama muda mrefu. Akasema, "Alhamdulillahi. Umezeeka." Akacheka na kulia kwa pamoja. Pazi alikuwa amepanga maneno ya shukrani siku zote kumi na moja. Aliyaacha yote. Alimgeukia yule mwanamke aliyesimama mlangoni, akamwambia, "Dada yangu, nisamehe. Unaitwa nani?"

"Somoe," akajibu.

Ndilo jina la kwanza aliloliuliza tangu atoke kwake. Akakaa chini akamkumbuka mwuza uji, akamkumbuka dereva, akawakumbuka waliosokota kamba za visimani, na hakuwa na jina la hata mmoja wao. Wakati wa kurudi alipanda magari ya watu na kula vyakula vya watu, na bado safari ilimchukua siku ishirini, kwa sababu alikuwa anasimama kila mahali, anaulizia majina, anashukuru.

Ndugu zangu, yule mnayemwonea huruma leo kwa kuwa amezama pembeni mwenu, mna hakika gani kwamba hajui njia?