Kwa Nini Farasi Hulala Wima

Jana mlipanda ukutani kumtazama yule farasi wa harusi. Alikuwa amesimama kivulini, macho yamefumba, mdomo wa chini unaning'inia, nanyi mkabishana kama amelala au amekufa. Mmoja wenu akasema amekufa ila amesahau kuanguka. Hakufa, wanangu. Alikuwa amelala. Mwenye kikohozi na akohoe sasa, maana habari hii ina mahali ambapo hata kupumua kwa nguvu ni kosa.

Hapo kale farasi hawakuwa na mwenyewe. Waliishi kwa kundi katika uwanda ulio nyuma ya mji uitwao Kiwandeo, na walilala kama watoto waliocheza tangu alfajiri: ubavu chini, miguu imetupwa huku na huku, wote kwa pamoja, jua likiwa utosini. Hakuna aliyebaki macho kuwalinda wenzake. Simba aliogopa kwato zao, na binadamu hakuwa na haja nao. Wanawake wa Kiwandeo walipita katikati yao wakienda kuokota kuni. Farasi alifungua jicho moja, akamwona mtu, akalifumba tena.

Ukaja mwaka ambao mvua ya masika ilipita bila kushuka, na ya vuli nayo ikafuata nyayo za dada yake. Visima vya Kiwandeo vikaingia chumvi, kimoja baada ya kingine, mpaka kikabaki kimoja tu, nacho kilitoa tope zaidi ya maji. Watoto walilamba mitungi kwa nje, pale inapotoa jasho. Lakini farasi hawakukonda. Watu waliwaona wakipotea upande wa vilima na kurudi na tope bichi kwatoni. Basi maji yalikuwako, na farasi waliyajua. Vijana waliojaribu kuwafuata kwa miguu waliachwa mbali, na wawili kati yao hawakurudi.

Mkubwa wa mji alikuwa Jumbe Shekuwe. Msimfikirie kuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa makamo mwenye watu wenye kiu, na kiu haimpi mtu nafasi ya kuwaza sana. Alisema, "Tumkamate mmoja, tumpande, atupeleke." Na kwa kuwa hakuna aliyeweza kumfikia kwa mbio farasi aliye macho, wakaamua kumwendea akiwa usingizini.

Aliyetupa kamba alikuwa Lali, mkwezi wa minazi, ambaye kamba mikononi mwake ilikuwa kama kidole cha sita. Wanaume walitambaa adhuhuri mpaka katikati ya kundi lililolala. Jike jekundu, ambaye wengine wote walikuwa wakimfuata, alifungua jicho, akamwona Lali, akalifumba kama kawaida. Ndipo kitanzi kikamwingia shingoni.

Kundi liliruka lote kwa pamoja, vumbi likafunika jua. Vumbi lilipotulia alikuwa amebaki yeye peke yake, wanaume wamemning'inia, povu linamtoka mdomoni. Walimkokota mpaka zizi la miti nje ya mji. Kesho yake Lali aliingia kumpanda. Jike lile lilimgeuzia mgongo, likampiga teke moja. Walimtoa Lali chini ya miti akiwa hajiwezi, mbavu zimevunjika, damu midomoni.

Lali alikuwa na dada yake mkubwa, Somoe, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Somoe alikaa kando ya kitanda cha ndugu yake bila kufumba jicho, akihesabu kila pumzi kwa hofu kuwa ndiyo ya mwisho. Lali alipopata nafuu ya kuweza kusema, Somoe aliinuka, akachukua kisu cha kuchinjia, akaenda zizini. Ilikuwa mchana mkali, watu wamejifungia ndani. Hakumwambia mtu.

Alimkuta farasi amesimama katikati ya zizi, kichwa kimeinama. Somoe akapita baina ya miti, kisu mkononi. Farasi hakugeuka. Kope zake zilikuwa zikishuka polepole. Zikafumba. Kisha magoti yake ya mbele yakalegea ghafla, akaanguka kwa kishindo, na hapo hapo akaruka juu anatetemeka, macho yamemtoka, akitafuta kamba ilipo. Muda si mrefu kope zikashuka tena. Akaanguka tena. Akaruka tena. Somoe akayatazama magoti yale. Yalikuwa yamechubuka mpaka nyama inaonekana.

Alielewa, kwa sababu macho yake mwenyewe yalikuwa yanawaka kwa kukesha. Farasi huyu hakuwa amelala tangu siku ile. Alikamatwa usingizini, na sasa alikuwa anauogopa usingizi wenyewe.

Somoe alikichomeka kisu kiunoni, akaketi chini penye ukuta wa miti. Alikuja na hasira ya kutosha kuua, na sasa hakujua aitue wapi.

Alirudi kesho yake, na siku zilizofuata. Hakuingia na kamba wala fimbo. Alipiga hatua moja kumwelekea farasi, na pale tu masikio ya farasi yalipolala nyuma na misuli ikakaza, Somoe alisimama, akarudi nyuma, akaangalia pembeni. Farasi yule alikuwa amezoea kwamba binadamu ni kitu kinachokuja. Hakuwa amewahi kumwona binadamu anayerudi. Akaanza kuinua kichwa kumtazama. Siku moja Somoe akamgeuzia mgongo kabisa, akasimama hivyo, akijua teke lile linavyovunja. Akasikia kwato nyuma yake. Hatua, kimya. Hatua, kimya. Kisha pumzi ya moto ikamgusa kisogoni, ikivuta harufu yake. Hakugeuka. Akasikia farasi akilamba midomo na kutafuna, na hana kitu kinywani, kama mtu anayemeza neno alilokuwa amelishikilia muda mrefu.

Tangu hapo alimruhusu kumgusa begani, halafu shingoni, halafu magotini penye vidonda. Somoe aligawana naye maji yake, kifuu kimoja kwa wote wawili.

Mjini watu walinung'unika. Mwanamke mmoja alimfuata Somoe njiani, mtoto mgongoni, akamwambia, "Wangu huyu hata machozi hayatoki tena. Wewe unamnywesha mnyama."

Usiku ule Somoe hakula. Lali, aliyekuwa ameanza kuinuka kitandani, alimtazama.

"Dada, yule alinivunja mbavu."

"Nawe ulimvunjia usingizi."

"Tulitaka maji."

"Na sasa tunayataka zaidi. Lakini niambie, Lali, wewe ungemwonyesha maji yako mtu aliyekunyonga umelala?"

Asubuhi Jumbe Shekuwe alikuja mwenyewe mpaka mlangoni. "Somoe, mwanangu, nimekuachia kadiri nilivyoweza. Leo adhuhuri tunamfunga kamba. Tutamswaga kwa mikuki uwandani, na kiu itampeleka majini. Asipokwenda, tutamchinja, angalau watoto wapate mchuzi."

"Nipe mpaka jioni, Jumbe."

"Jioni nitakuwa nimezika mtoto," Jumbe akasema, akaondoka.

Somoe alikwenda zizini mbio. Alimkuta farasi anayumba, magoti yanacheza. Akasimama ubavuni pake, akaweka kiganja shingoni, akaanza kupumua taratibu. Jua likapanda. Kope za farasi zikashuka. Somoe akasema kwa sauti ya chini, "Lala. Mimi nimesimama."

Farasi akazunguka mahali pale, kama anayelitafuta godoro. Akakunja miguu ya mbele. Akatulia. Akaja chini mwili wote, taratibu, ubavu ukagusa vumbi, na shingo ikanyooka mpaka singa zake zikalala juu ya miguu ya Somoe. Alivuta pumzi moja ndefu, iliyopeperusha vumbi. Akalala.

Ndipo Somoe alipoinua macho akawaona wanakuja.

Wanaume wa Kiwandeo walikuwa wamefika zizini, kamba begani, Jumbe Shekuwe mbele. Lali alikuwa miongoni mwao, anatembea amejishika ubavu. Walimwona farasi chini, wakasimama. Kisha Jumbe akanyoosha mkono kuwaashiria wazunguke polepole.

Hapa ndipo nilipowaambia msipumue. Somoe hakuweza kupiga kelele. Akipiga kelele farasi ataamka na kukuta kamba, na hataamini tena kiumbe chochote mpaka afe. Hakuweza kusogea, kwa kuwa shingo ilikuwa miguuni pake. Aliinua kiganja tu.

Jumbe akaja mpaka kwenye miti, akanong'ona, "Amelala. Mungu ametupa. Toka hapo."

Somoe akatikisa kichwa.

"Somoe, toka."

"Nimemwambia nimesimama," Somoe akanong'ona. "Mkimkamata tena usingizini, mtapata ngozi na mifupa. Maji hamtayapata."

"Na akiamka akatukimbia?"

"Basi nifukuzeni mji. Au nifanyeni mtakalo. Lakini kwanza mwacheni alale."

Mtu mmoja alikuwa amekwisha pita baina ya miti upande wa nyuma, kitanzi kimefunguliwa. Alikuwa baba wa yule mtoto asiyetoa machozi, na hakuwa na masikio ya kumsikia mtu. Alipiga hatua. Akapiga nyingine. Somoe alimwona na hakuweza kumfikia.

Lali ndiye aliyemfikia. Aliinama akapita chini ya mti, uso umemkunjamana kwa maumivu ya mbavu, akaja akasimama mbele ya yule baba. Mgongo wake ulikuwa kwa farasi, karibu na kwato zile zile, akijua kabisa jinsi zinavyopiga. Alishika kitanzi kwa mkono mmoja, akamtazama mwenzake usoni. Walitazamana hivyo. Mjini mtoto akalia. Sikio la farasi likacheza.

Hakuna aliyepumua.

Sikio likatulia. Yule baba akaiachia kamba, akaketi chini mavumbini, akajifunika uso kwa mikono. Jumbe Shekuwe alimtazama. Akamtazama Lali, akamtazama Somoe aliyesimama juani anatokwa na jasho ambalo mwili wake haukuwa na maji ya kulitoa. Kisha Jumbe naye akaketi. Wanaume wote wakaketi, mmoja mmoja, wakangoja.

Farasi alilala mpaka vivuli vya miti vikarefuka. Alipofungua jicho aliona watu pande zote. Aliruka juu kwa mshindo mmoja, na Somoe akayumba nusura aanguke, lakini hakuna mtu aliyeinuka. Farasi alitazama watu. Alitazama kamba zilizolala chini. Akamtazama Somoe, aliyekuwa mahali pale pale alipomwacha, akaleta pua yake, akapumua usoni pake.

Somoe akatembea mpaka mlangoni mwa zizi, akaanza kuyatoa magogo.

"Somoe!" Jumbe akasema. "Ndiye tuliyebakiwa naye!"

Akatoa la mwisho, akakaa kando.

Farasi alitoka kwa mwendo wa kawaida. Akafika uwandani akaanza kukimbia, akawa mdogo, akawa vumbi. Mtu mmoja alilaani kwa sauti. Somoe alidhani amewaua watu wa mji wote.

Kisha vumbi likasimama. Farasi alikuwa amegeuza kichwa. Alibaki hivyo, anatazama nyuma, na hakuondoka.

Somoe akaenda. Alipomfikia, farasi akatangulia kidogo, akangoja, akatangulia tena. Somoe alipochoka akaketi chini, na farasi akarudi akasimama kando ya kichuguu, ametulia kama gogo. Somoe alipanda kichuguu, akapitisha mguu, akakaa mgongoni pake. Hakuna binadamu aliyekuwa amekaa pale kabla. Aliusikia mwili wote wa farasi ukikaza, akangoja, mpaka ukalegea wenyewe.

Watu wa Kiwandeo walifuata alama za kwato, wakibeba watoto na mitungi. Nyuma ya vilima, chini ya mwamba ulioinama, wakayakuta maji, baridi na matamu, na Somoe amelala kifudifudi anakunywa, farasi kando yake anakunywa, na Lali akawa wa kwanza kuwafikia. Yule mtoto wa yule baba alinyweshwa kitone kwa kitone. Walipoona machozi yanamtoka, watu wazima nao wakalia.

Kundi la farasi lilikuwa pale, likiwatazama kwa mbali. Wote walikuwa wima, maana habari ya kamba ilikuwa imewaenea. Jike jekundu lilikwenda likasimama kati yao, kichwa juu, masikio yanazunguka, macho kwa watu. Wenzake wakalitazama. Halafu, mmoja baada ya mwingine, wakakunja magoti wakalala chini. Yeye akabaki amesimama. Somoe alijua amejifunza kwa nani.

Na tangu siku hiyo farasi hulala wima, usingizi mwepesi, tayari kwa mbio, kwa sababu hajasahau kitanzi. Usingizi mzito, wa ubavu chini, huupata tu pale mmoja anapobaki amesimama kwa ajili yake. Ndiyo maana mkiwakuta wengi wamelala, mtamwona mmoja hajalala. Na ndiyo maana mtu anayetaka urafiki na farasi haanzi na hatamu, huanza na kurudi nyuma hatua moja.

Yule wa harusi jana aliwaona ninyi ukutani, na hakuwajua. Lakini ikitokea siku moja farasi akalala chini nawe uko karibu, usikimbie kuwaita wenzako waje kutazama. Amekuomba kitu. Simama hapo hapo mpaka aamke.