Mkono wa Mpasua Mbao

Palikuwa na mpasua mbao mmoja, ndugu zangu, ambaye kwa miezi saba alitembea na mkono mfukoni. Si kwa maringo. Ndani ya mfuko ule vidole vyake vilikuwa vikibana uvimbe uliochomoza kwenye kinena, pale paja linapokutana na tumbo. Akikohoa, ulitoka; akilala chali, ulirudi. Na kila msumeno ulipokwama katika mti mgumu, akavuta kwa nguvu, uvimbe ulimkumbusha kwamba upo.

Mkewe hakuambiwa. Utamwambia nini mwenzio aliyezoea kukuona na gogo begani?

Maumivu yalipozidi akaenda hospitali, na njia nzima aliomba akutane na daktari mzee. Akafungua mlango: binti, rika la kitindamimba wake, koti jeupe lingali na mikunjo ya dukani.

"Shikamoo, baba. Karibu ukae. Unasumbuliwa na nini?"

"Marahaba, mwanangu. Ni... mshipa."

Nanyi mnajua neno hilo lilivyo pana. Damu hupita katika mshipa. Fahamu nazo zina mishipa yake. Na ngiri, uvimbe kama ule wake, mtu mzima akiona haya kuitaja, huiita mshipa tu, akanyamaza.

"Mshipa wa damu, baba, au wa fahamu?"

Amewekewa mawili, na lake halimo. Neno moja tu lilitakiwa. Likafika kooni, likarudi.

"Wa damu," akasema.

"Uko wapi?"

Akautoa mkono mfukoni, akaunyoosha mezani.

Binti akaubonyeza, akaupima, akacheka. "Baba, mishipa hii wauguzi wataigombania! Mkono wako mzima kabisa."

"Nashukuru, mwanangu." Akarudi kwenye msumeno wake.

Siku ya tatu wakamleta kwa machela, anatapika, utumbo umenasa ndani ya uvimbe, damu haiufikii. Aliyepasua miti miaka thelathini akapasuliwa yeye. Wangechelewa kidogo tu, wangempeleka kuzikwa.

Alipozinduka, binti alikuwa kando ya kitanda, macho mekundu.

"Baba, nilikuona unaingia umeinama, nami nikatazama mkono. Nisamehe. Lakini mbona ulinipa mkono?"

Mzee akageuzia uso ukutani. "Mwanangu, ndicho kiungo nisichokionea haya."

Mnacheka? Haya, na sisi tuliomo humu kanisani, asubuhi hii tumenyoosha nini? "Ee Mungu, sisi ni wakosefu." Neno pana hilo! Sote tunaenea ndani yake, wala halimvui mtu nguo. Tukiulizwa, "Uko wapi?", tunatoa sadaka yetu, tunatoa sauti zetu nzuri za kuimba, tunatoa kila kilicho kizima. Kisha tunarudi nyumbani tumeinama vilevile tulivyokuja.

Na jirani yako akikwambia, "Nina uchovu tu," usiushike mkono wake ukaridhika. Mtazame anavyotembea.

Lakini kwanza wewe. Mungu, Tabibu wetu, hahitaji umtajie ndipo ajue. Anakungoja useme, kwa sababu hafungui alichokificha mtu mpaka mwenyewe aridhie. Yeye hatukemei, wala sisi si wageni kwake. Basi tunyamaze sasa, kila mmoja na lake. Toa mkono mfukoni. Ila leo usimpe mkono: mwonyeshe ulichokuwa ukikibana.