Sindano Moja na Joho la Kimulimuli

Hapo zamani, si zamani sana, vijana walipotembea juu ya viatu vya raizoni vyenye soli ndefu na kufagia barabara kwa suruali za bugaluu zenye miguu mipana, Morogoro ilikuwa na mwimbaji wa roki aliyeitwa Kimulimuli. Nyumbani aliitwa Theofili Mkude. Alijipaka kope rangi ya fedha, akavaa joho la kumetameta. Mama yake ndiye aliyelishona kwa mkono, kila kipande cha kung'aa peke yake.

Mtengeneza filamu, Sekimweri, alirekodi onyesho lake zima. Katikati ya onyesho kisigino cha raizoni kilivunjika. Kimulimuli akaanguka kifudifudi, joho likamfunika kichwa. Watu wakacheka. Akavua viatu, akaimba peku, na waliocheka wakalia. Yalitokea yote mawili. Yakumbukeni yote mawili.

Filamu ikaonyeshwa. Theofili na mama yake walikaa safu ya nyuma. Sekimweri alikuwa ameweka anguko mwanzoni, tena akalirudia polepole. Wimbo wa peku akausogeza hadi mkanda wa mwisho. Ukumbi ukavunjika mbavu. Mpiga gitaa Abeli Kobelo, rafiki wa Theofili tangu utotoni, alicheka kuliko wote.

Mhakiki wa gazeti, Editha Lukindo, aliondoka kabla mkanda wa mwisho haujawekwa, ili awahi mtambo wa kuchapa gazeti. Asubuhi gazeti likasema: "Kimulimuli aanguka, filamu nayo yaanguka." Sokoni watoto wakawa wanajiangusha makusudi, wakipiga kelele, "Kimulimuli!"

Theofili akachukua mkasi, akalikata joho vipande vipande. Akasema haimbi tena.

Mama yake hakugombana na mtu. Aliwaita Sekimweri, Editha na Abeli, akawapa chai, akamwaga vipande vya joho mkekani. Juu ya vipande akaweka sindano moja yenye uzi.

"Karibuni, wanangu. Mwenzenu yumo chumbani, anasikia."

Editha alisema, "Mama, mimi niliandika nilichokiona."

"Ulikiona chote?"



Sekimweri alisema, "Mimi sikuongeza uongo. Alianguka kweli."

"Alianguka mara moja, baba. Wewe umemwangusha mara ngapi?"

Abeli alisema, "Mimi sikuandika, wala sikushika kamera. Nilicheka tu, mama. Niliona aibu watu wakijua ni mwenzangu."

"Alikusikia. Cheko lako analijua hata gizani."

Chai ikapoa. Mwishowe Sekimweri akanyoosha mkono.

"Nipe sindano mimi. Bila mkono wangu wasingecheka."

"Nipe mimi," alisema Editha. "Ukumbini walicheka wachache. Kwa kalamu yangu umecheka mji mzima."

"Ninyi hamumjui," alisema Abeli. "Mimi namjua. Nipe mimi."

Mama akaifunika sindano kwa kiganja.

"Anayestahili kuanza kushona ni yule aliyemchana moyo zaidi. Theofili ameniambia: akianza anayestahili, atatoka, alivae, aimbe. Akianza mwingine, mlango haufunguki."

Mikono mitatu ikabaki hewani. Mlango umefungwa, na nyuma yake mtu amesimama.

Nanyi mnaosikiliza, msijifanye wageni. Baadhi yenu mlikuwa ukumbini, na meno tuliyaona. Semeni basi, lakini semeni taratibu, maana anasikia: sindano ile, nani alistahili kupewa?