Mbogo na Viatu vya Kila Kazi

Paukwa!
*Pakawa!*
Pakawa nini?
*Pakawa kisima!*
Na kando ya kisima?
*Pakawa kiu!*

Basi tulieni, maana ngano hii haianzi kwa kicheko.

Hapo kale mvua iligoma. Mito ikakauka, majani yakakauka, kikabaki kisima kimoja tu chini ya mwamba, na kisima hicho alikikalia Mbogo. Mwenye nguvu mpishe. Wanyama wakampisha.

Angekunywa akashiba, tungesema naye ana koo. Lakini Mbogo alikuwa na uwanja wake wa tenisi, uwanja wa udongo mwekundu, na uwanja wa udongo usipomwagiwa maji hutimua vumbi. Kwa hiyo kila asubuhi wanyama walipanga foleni na vibuyu vyao, wakachota, wakamwaga uwanjani. Chota, mwaga. Chota, mwaga. Hata tone moja halikuruhusiwa kwenda nyumbani. Uwanja unakunywa, watoto hawanywi.

Miongoni mwa wabeba maji alikuwamo Bi Nguchiro, mdogo wa mwili, mrefu wa akili. Alikuwa na kitoto kimoja tu. Asubuhi alikiacha kikilamba jiwe, kwa kuwa jiwe lilikuwa na ubaridi kidogo. Jioni alikikuta kimeacha kulia. Mama yeyote anajua: mtoto mwenye kiu akiacha kulia, hapo ndipo pa kuogopa. Nguchiro aliogopa sana.

Njia ilikuwa moja. Mbogo alikuwa ameweka sharti: anayekitaka kisima acheze naye. Akishinda, kisima chake. Akishindwa, atabeba maji mpaka afe. Swala alicheza, akashindwa. Ngiri alicheza, akashindwa. Si kwamba Mbogo alikuwa hodari, la! Kwenye udongo mpira ukianguka huacha alama, na alama ndiyo shahidi. Mbogo mpira ukimpita, alipiga kelele, "Nje!" Kisha huyo mbio, akaikanyaga alama kwa kwato, kwa! kwa! kwa! "Alama iko wapi? Nionyesheni!" Nani amwonyeshe?

Nguchiro aliyaona hayo akiwa na kibuyu chake kichwani. Akaenda kwa Kima, mwuza mitumba.

"Kaka Kima, niazime viatu jozi mbili. Na kesho uje utuamulie."

"Dada, hata koo langu limekauka," alisema Kima. "Chukua."

Nguchiro akafika kwa Mbogo.

"Shikamoo, Bwana Mbogo."

"Marahaba. Umeleta maji?"

"Nimeleta mchezo, bwana. Na viatu nimeleta, maana mchezo wa heshima hauchezwi pekupeku."

Akaviweka chini. Jozi moja ilikuwa na soli nene, yenye meno marefu. Ya pili ilikuwa na soli nyembamba, imechorwa vijistari vya kupindapinda. Msiniulize saizi, wala msiniulize Mbogo alisimama kwa miguu mingapi. Viatu vya ngano huenea mguu wowote.

"Hivi vyenye meno ni vya kila kazi," alisema Nguchiro. "Vya kukimbia, vya kuruka, vya kupanda mlima, vya kunyanyua vyuma. Hivi vingine vina kazi moja tu, uwanja wa udongo. Hata sokoni havifai. Mimi mnyonge, bwana, niachie vya kila kazi."

"Nani mkubwa hapa?" alinguruma Mbogo. "Mkubwa ndiye achague kwanza. Lete vya kila kazi!"

"Haya, bwana. Lakini nakusihi, kesho usimwage maji mengi. Nitateleza nife."

Mbogo akacheka mpaka pembe zikatikisika. Kulipokucha akaamuru, "Mwageni! Mwageni zaidi ya jana!" Chota, mwaga. Chota, mwaga. Kisima kikabaki na maji ya vibuyu vichache tu. Maji yakimwagika hayazoleki, na Nguchiro alilijua hilo. Moyo ulimuuma, kwa sababu yale yaliyokuwa yakimwagwa yalikuwa uhai wa mwanawe.

Kima akapanda kiti cha mwamuzi. Mchezo ukaanza.

Paa! Nguchiro akapiga kushoto. Mbogo akakimbia, nyata, nyata. Udongo mbichi ukaingia kwenye meno ya soli, ukakaa humo.

Paa! Akapiga kulia. Mbogo akakimbia, nyata, nyata. Udongo ukaita udongo mwenzake.

Nguchiro yeye aliteleza kwa kupenda mwenyewe, suuu! Akafika, akasimama, akapiga. Paa!

"Viatu gani hivi?" alifoka Mbogo.

"Vya kila kazi, bwana."

Paa! Nyata, nyata. Kila hatua ilizoa donge. Mbogo akataka kugeuka, kiatu kikakataa, kifundo kikapinda.

"Nguchiro! Viatu gani hivi?"

"Vya kila kazi, bwana. Wewe mwenyewe ulichagua."

Mpira wa mwisho ukaenda mbali, ukaanguka mstarini. "Nje!" alipiga kelele Mbogo, akakurupuka aikanyage alama. Akainua mguu wa kwanza, mzito. Akainua wa pili, mzito zaidi. Puu! Akaanguka kifudifudi. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Kima akashuka taratibu. Akainama. Alama ilikuwa pale pale juu ya mstari, haijakanyagwa na mtu.

"Ndani," alisema.

Hakuna aliyeshangilia, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na mate ya kushangilia. Walichukua vibuyu, wakaenda kisimani. Nguchiro akachota, akakimbia nyumbani, akakidondoshea kitoto chake kinywani. To. To. To. Kitoto kikameza, kisha kikaanza kulia. Nguchiro naye akalia, kwa furaha.

Jua likapanda. Udongo ukakauka kwenye miguu ya Mbogo, ukawa tofali. Akaita, "Maji! Nimwagieni maji miguuni, nivue viatu!"

Nguchiro alikuwa akipita na kibuyu kichwani.

"Subiri, bwana," alisema. "Watoto kwanza."

Sasa funzo, maana ngano bila funzo wakubwa hawaipendi. Wanangu, ni adabu njema mkubwa achague kwanza. Viatu vya kila kazi ndivyo viatu bora. Mkivikuta, msivivae nyie, wapelekeeni wakubwa.

Ngano yangu imeishia kisimani. Mwenye kiu?
*Na anywe!*
Na mwenye viatu?
*Na asubiri!*