Darasa la Macho Makali

Mwaka huo mvua iligoma kabisa. Mito ikabaki mchanga mtupu, mabwawa yakapasuka kama visigino, na katika mbuga nzima kikabaki kisima kimoja tu. Wanyama wote walikunywa hapo kwa zamu. Swala walikuwa na desturi yao: wengine wakiinamisha vichwa kunywa, dume mmoja husimama juu ya kichuguu kuwalinda. Mlinzi wa mwaka huo alikuwa Mrisho.

Mrisho hakuwa na nguvu za kutisha, lakini macho alikuwa nayo. Makubwa, ya duara, yamekaa pembeni mwa kichwa, yanaona mbele, kulia, kushoto na karibu nyuma yote bila shingo kugeuka. Fisi akichungulia tu kichakani, Mrisho alipuliza pua, phuu! na swala wote wakatimua mbio. Mwezi mzima Fisi hakuonja swala. Alishinda akitafuna mifupa mikavu na kulaani.

"Njaa yangu yote imetoka kwenye macho yale," alijisemea. "Yakizibwa yale tu, kisima kizima ni sahani yangu."

Siku hizo wanyama walikuwa wameshaingia mtandaoni. Usiniulize simu walichaji wapi, maana hata mimi sikuuliza. Fisi akafungua ukurasa, akajiita Daktari Dume. Picha yake hakuiweka, anaijua mwenyewe ilivyo. Akaandika:

"Madume, amkeni! Macho ni ya aina mbili. Macho ya mwindaji ni membamba, yamezama, yanatazama mbele tu. Macho ya kitoweo ni makubwa, ya duara, yako pembeni. Wasichana wanataka mwindaji. Tuma picha nikupe alama."

Kwa kawaida Mrisho angecheka na kupita zake. Lakini alikuwa akimpenda Mashavu, swala wa kike mwenye mwendo wa madaha, na wiki ile ile Simba alikuwa amepita karibu na kisima, shingo juu, asiangalie yeyote. Mashavu alimkazia Simba macho, akatetemeka mwili mzima. Mrisho, maskini wa Mungu, akadhani ule ni upendo.

Akajipiga picha, akatuma. Jibu likaja kabla hajapepesa.

"Tatu kati ya kumi."

"Tatu, Daktari?"

"Na hizo tatu nimekupa kwa ajili ya pembe. Macho hayo, kijana, ni ya chakula."

"Kuna dawa?"

"Ipo. Funga kamba ya gome la mgunga, ivute ngozi mpaka kisogoni. Finya macho kutwa nzima. Na pembeni usitazame. Dume wa kweli hatazami pembeni."

Mrisho akafunga kamba. Akafinya macho mpaka ulimwengu ukabaki mwembamba kama ufa wa mlango. Kila asubuhi alituma picha, na kila asubuhi Daktari akampandisha: nne, nne na nusu, tano. Kichwa kikamvimba.

Sungura alimkuta juu ya kichuguu chake, amekunja uso.

"Kaka Mrisho, umeingiwa na mchanga?"

"Haya ni macho ya mwindaji."

"Ahaa! Na utawinda nini, majani?"

"Wivu huo, Sungura."

Sungura akacheka mpaka masikio yakamgusa mgongo, akaenda zake.

Siku ya tatu baada ya hapo, swala walikuja kunywa wakati wa adhuhuri. Mrisho alisimama kichuguuni, anatazama mbele tu kama alivyoagizwa. Fisi akatokea ubavuni, wazi kabisa, hata kunyata hakunyata sana. Hakuna aliyepuliza pua. Kilichosikika ni ukelele wa Shangazi Tatu, swala mzee mwenye goti bovu. Alichomoka, lakini nusu ya mkia wake ilibaki mdomoni mwa Fisi.

Walipokusanyika mbali na pale, Shangazi alikuwa akivuja damu, naye hakumlaumu mtu. Hilo ndilo lililomchoma Mrisho zaidi. Aliona aibu mpaka akatamani ardhi immeze. Mashavu akamjia na kuinyofoa ile kamba.

"Hii ni nini usoni?"

"Nilitaka niwe kama Simba. Nilikuona siku ile ulivyotetemeka."

"Mrisho! Nilitetemeka kwa sababu nilidhani atanila!"

Mrisho akachukua simu yake, akaenda moja kwa moja kwa Sungura, akamsimulia yote bila kujitetea. Safari hii Sungura hakucheka. Alisoma ule ukurasa kuanzia juu mpaka chini, masikio yamesimama.

"Daktari anayemkataza mlinzi asitazame pembeni," akasema, "mwenyewe atakuwa anapitia pembeni. Ngoja tumwone sura."

Akajiandikisha kwa jina la Mpenda Uzuri, akaandika: "Daktari, sisi wafuasi wako tunakuheshimu. Lakini wapo wanaosema macho ya Simba ndiyo kumi kamili, hakuna wa kuyafikia. Ni kweli?"

Fisi tamaa yake haikuwa ya nyama peke yake. Alikuwa ameshaonja sifa, na sifa nayo aliila kama nyama, bila kutafuna. Akajibu papo hapo: "Simba? Simba nampa nane, tena kwa huruma. Kumi ni hizi hapa." Akabandika picha ya macho yake mawili, uso uliobaki wote ameukata.

Mrisho alipoiona tu, manyoya yakamsimama.

"Macho haya nayajua. Ndiyo yanayonichungulia kichakani kila siku. Ni Fisi!"

"Tulia," Sungura akasema, huku anaandika tena: "Mazuri, Daktari, ila kidogo yamelegea. Mimi nakupa saba. Ungekaza na kamba, ungempita Simba kesho kesho tu."

Daktari akajibu kwamba kamba anaifunga usiku huo huo. Kisha Sungura akaenda kwa Simba, akainama mpaka kidevu kikagusa vumbi.

"Mfalme, kuna mtu huko mtandaoni amekupa nane."

"Nane ya nini?"

"Macho. Tena amesema ni kwa huruma."

Simba akanguruma mpaka ndege wakahama mti.

"Yuko wapi?"

"Kesho adhuhuri, kisimani, Mfalme. Utamjua kwa kamba."

Kesho yake Mrisho akapanda kichuguuni. Shangazi Tatu alitakiwa abaki nyuma, akakataa, akasema kiu haingojei kidonda kipone, akaenda kunywa kwenye ukingo ule ule. Mrisho akajifanya amefinya macho, kumbe ameyaacha wazi. Kwa jicho la kushoto alimwona Simba amejilaza nyuma ya majabali. Kwa la kulia alimwona Fisi akija, kamba ya mgunga imemkaza hadi kope zimekaribia kukutana, anaona mbele tu, anamwona Shangazi tu.

Mrisho akabana pumzi. Akipuliza mapema, Fisi atageuka na kukimbia, na kesho atarudi. Akichelewa, Shangazi hana mkia mwingine wa kuacha. Akahesabu hatua za Fisi. Ishirini. Kumi. Tano.

Phuu!

Swala wakaruka kama maji yaliyotupiwa jiwe, Shangazi katikati yao. Fisi akabaki peke yake ukingoni, mdomo wazi, akishangaa chakula kimekwenda wapi. Hakuona kilichosimama ubavuni pake mpaka kilipomhemea sikioni.

"Daktari," Simba akasema, "macho yangu ni ngapi?"

"Kumi, Mfalme! Kumi na moja!"

"Jana yalikuwa nane."

"Jana... jana mtandao ulikuwa mbaya!"

Simba alimpiga kofi moja tu. Fisi alibingirika, kamba ikamshukia puani, simu ikamponyoka. Simba akaikanyaga bila hata kuitazama. Fisi akatoka mbio anachechemea, na swala, Sungura, ngiri na hata kobe wakamzomea mpaka vumbi lake likatulia. Hajarudi kisimani, na ukurasa wake haujaandikwa neno tena.

Simba naye akajinyoosha kivulini, akaanza kulamba makucha, akiwatazama swala kwa namna wasiyoipenda. Wengine wakarudi nyuma, ingawa walikuwa bado hawajamaliza kiu.

Mashavu akasogea mpaka nyuma ya Mrisho, karibu na mkia wake.

"Unaniona hapa?"

"Nakuona."

"Na Simba?"

"Namwona. Analamba kucha la tatu."

"Basi usiache kumtazama," Mashavu akasema, "mimi nikanywe." Akashuka kisimani, akainamisha kichwa, akanywa mpaka akatosheka bila kukiinua hata mara moja.