Jinsi Uchungu Ulivyoingia Katika Mbege

Zamani, kabla wapishi hawajaujua mti wa msesewe, mbege, pombe ya Uchaggani, ilikuwa tamu tupu. Ilipikwa kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi, basi. Hata mtoto aliyeachishwa ziwa jana angeinywa bila kukunja uso.

Siku hizo aliishi bwana mmoja, Kirita, mwenye wake wawili. Mkubwa aliitwa Manka. Kila baada ya mavuno ya ulezi, mbege yake ndiyo iliyochaguliwa kwa karamu ya Mangi, mtawala wao, na mpishi aliyechaguliwa alikalia kigoda mbele ya wanawake wote. Manka alikizoea kigoda kile kama mtu azoeavyo kitanda chake. Kisha akaolewa Shose. Mtungi wa kwanza wa Shose ulipofunuliwa, majirani waliinamia harufu yake, wakasahau kumwamkia mke mkubwa.

"Mikono ya mwenzako ina baraka," Kirita alisema.

"Mikono mipya haikosi baraka," Manka akajibu. "Ngoja izeeke."

Tangu hapo chakula hakikumshuka. Shose akiimba jikoni, Manka alidhani anasemwa. Mume akicheka, alitaka kujua nani amemchekesha. Siku ya kuonja ilipokaribia, Shose aliteremka mferejini kuteka maji. Manka akabandua gome la msesewe, chungu kama nyongo, akalitumbukiza katika mtungi wa mwenzake.

Mwonjaji alikuwa Meku Lengaki; Meku ndivyo Wachagga wamwitavyo mzee wa heshima. Desturi yake ilijulikana. Alitazama povu, akanusa, akaliweka funda shavuni, halafu akatema juu ya jani la mgomba. Mbege aliyoimeza ndiyo iliyoshinda, wala hapakuwa na haja ya maneno.

Aliionja ya Manka. Akatema. Manka akajifariji kwamba ya Shose ataitema kwa kishindo. Meku akainua kata ya Shose, na uso ukamkunjamana. Manka alilikazia macho lile jani. Koo la mzee likapanda, likashuka.

"Shose, binti yangu, umetia nini humu?"

"Ndizi na ulezi, Meku. Sijui lingine."

"Basi umebarikiwa hata kwa usilolijua."

Watu walishangilia, na Kirita akakisogeza kigoda kwa Shose. Kama Manka angenyamaza, hakuna ambaye angelijua kosa lake. Lakini kuona sifa ya mkono wake ikimwendea mwingine kulimchoma kuliko aibu. Akasimama.

"Uchungu huo ni wangu! Gome nimelitia mimi, ili mteme!"

Kisha bibi mmoja akasema, "Jamani, huyu hata kwa ubaya wake hataki asifiwe mwenzake!" Kicheko kikalipuka.

Meku hakucheka. "Utamu wa Shose peke yake ungetukinaisha," alisema. "Uchungu wako peke yake, Manka, nani angeumeza? Kaeni wote wawili."

Kigoda kilikuwa kimoja. Wakakaa nusu kwa nusu, mabega yakigusana, bila kutazamana.

Na tangu siku hiyo mbege haipikwi bila gome la msesewe. Ukipiga funda, utamu hutangulia na uchungu hufuata. Manka, hata alipokuwa mkongwe, hakuacha kumwuliza kila mnywaji ni ladha ipi iliyobaki ulimini. Akisha kujibiwa kuwa ni uchungu, alimgeukia Shose. Nayo ladha hiyo ndiyo ibakiyo mpaka leo.